Picha Mbichi ya Bibi Salome

Ditram mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo. Hujambo, nakusikia chumba cha pili unapiga mluzi huku unashindilia suruali kwenye begi la safari ya Mbeya. Mimi pia sijambo, ila koo limekauka kwa kusema peke yangu, maana tangu Jumapili nikikuambia neno moja unanijibu kwamba tumeshayamaliza. Tumeyamaliza na nani? Umeyamaliza wewe mwenyewe, ukatoka kwenda kuaga rafiki zako. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, kwa sababu nitampa baba yako akusimamie mlangoni.

Habari za kula vizuri, kufua soksi, kutolala na hela mfukoni na kwenda misa, hizo atakuambia baba yako. Ndiyo maneno pekee anayoyajua ya kumuaga mtu, na sitaki kumnyang'anya. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni Bibi Salome.

Najua umeguna hapo. Guna, lakini endelea kusoma. Nitalisema lote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nimegundua unayajua kwa namna yako.

Kwako wewe Bibi Salome ni bibi wa watu, bibi yake Tabitha ambaye tulimpiga picha za harusi kule ziwani mwezi wa nane. Kwangu mimi ni mtu aliyenipa kitanda tangu nilipoanza kushuka ziwani na kamera, mwanamke Mmatengo wa milimani nisiyejua hata kuogelea, watu wakinitazama kama kituko. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi wala kwa nini nafanya kazi ya wanaume. Aliniuliza kama nakula usipa, dagaa wa ziwa lao. Nikasema nakula, basi, tukawa ndugu.

Lakini kila nilipotoa kamera, alikwenda jikoni. Harusi, ubatizo, wageni kutoka Songea, ikitoka kamera yeye kaingia jikoni. Nilidhani ni haya za watu wazima. Siku moja akanieleza. Alipokuwa msichana alipigwa picha siku ya kipaimara, na mpiga picha mmoja aliyeshuka kwenye meli. Picha ikarudi na meli nyingine. Gauni jeupe limetoka, kitambaa cheupe cha kichwani kimetoka, na katikati ya kitambaa na gauni hapana mtu, ni weusi tu. Kaka zake wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaiita picha ile "gauni lililosimama lenyewe." Wakaionyesha kwa kila mgeni, miaka na miaka, na hata siku alipoolewa waliitoa. Tangu hapo hakukaa tena mbele ya kamera ya mtu. Alinisimulia huku anacheka, lakini nilimwona mkono wake ulivyokuwa unakunja na kukunjua pindo la kitenge.

Sasa wewe unadhani mimi nilimcheka yule mpiga picha wa melini? Ningeanzia wapi? Nilikuwa nimeshafanya vilevile, tena si kwa mtu mmoja.

Nilianza kazi hii enzi za ruksa, mikanda ya kamera ilipoanza kuonekana tena madukani. Kabla ya hapo mtu angeweza kuwa na kamera akaitundika ukutani kama picha ya mtakatifu, mkanda wa kutia ndani hakuna. Bruda wa misheni ndiye aliyenifundisha kusafisha picha, kwenye chumba cha giza alichokitengeneza katika stoo ya zamani ya kahawa. Alikuwa mtu wa kununa kuliko mimi, kwa hiyo tuliishi vizuri.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa komunyo ya kwanza kule Mapera. Watoto wamevaa nyeupe tupu, wamepangwa mbele ya kanisa. Nikatazama sindano ya kupimia mwanga ndani ya kamera, nikaitii kama amri za Mungu. Sindano ile haijui mtoto ni nani. Inaona weupe mwingi, inadhani jua limeshuka duniani, inakuambia punguza. Nikapunguza. Picha ziliposafishwa magauni yalikuwa ya kijivu, na nyuso zote zilikuwa kama sufuria ya kuni upande wa chini. Akina mama wakaanza kuulizana yupi ni wa nani, na mwishowe wakawatambua watoto wao kwa viatu. Nilikuwa nimesimama palepale, na bahasha mkononi, wala hakuna aliyenipigia kelele. Afadhali wangenipigia.

Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja. Nikafungua lenzi mpaka basi. Nyuso zikatoka, kweli, lakini lesi yote ikaungua. Na wakati huo ndipo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanaanza kuingia vijijini na hela mkononi, kila mama amenunua lesi, na kila mama anataka ionekane mpaka tundu la mwisho. Mwaka ule walinipigia kelele.

Nilikwenda kwa Bruda nikiwa na mikanda yangu na hasira zangu. Aliinua negativu kwenye taa, akaitazama muda mrefu, akaniambia uso umo na lesi imo, vyote viwili, mimi ndiye ninayeshindwa kuvitoa pamoja. Akaninyang'anya karatasi ngumu niliyokuwa naipenda, ile inayofanya nyeusi kuwa nyeusi kabisa na nyeupe kuwa nyeupe kabisa, akanipa karatasi laini. Akanifundisha kuweka kiganja kati ya taa na karatasi. Uso unaukinga usije ukazama, gauni unaliongezea mwanga hadi lesi ianze kujichora. Nilikuwa nasimama gizani nachezesha vidole juu ya mtoto wa mtu kama ninayefukuza inzi, huku nahesabu kwa midomo. Picha moja ilinichukua asubuhi nzima. Siku hiyo nilijua kwamba kazi yenyewe iko hapo, kupiga ni nusu tu.

Halafu kuna ile ya Maguu, ambayo baba yako hawezi kumaliza pombe ya mtu bila kuisimulia, kwa hiyo acha niisimulie mimi mwenyewe. Mzee mmoja wa kule, mwenye shamba zuri la kahawa, aliniita nimpige picha na mke wake. Wote wawili wamejipaka mafuta, wanang'aa. Mimi nikaona yale mafuta yataniletea madoa ya mwanga usoni. Nikatoa kitambaa nikawafuta. Nikawapaka na poda! Unanijua mama yako, nikianza jambo sikomei nusu. Picha zikatoka, nyuso hazina bonde wala mlima, kama udongo uliokauka. Mzee akaitazama picha, akampa mkewe, akairudisha, akasema kwa upole, "Mama, mbona umenipiga picha nikiwa mgonjwa?"

Ndipo nilipoelewa kwamba yale mafuta si mapambo. Uso mweusi unachukua mwanga kwa mng'ao. Paji la uso, daraja la pua, shavu, pale mafuta yanaponasa mwanga ndipo umbo linapotokea. Mimi nilikuwa nimewafuta nyuso zao kwa kitambaa kisha nikawa natafuta nyuso zao kwenye karatasi. Watu wetu walijua hilo kabla sijazaliwa, ndiyo maana mtu akisikia mpiga picha amekuja anakwenda kwanza kutafuta mafuta.

Kwa hiyo usije ukaenda Mbeya ukawaambia watu kwamba mama yako anachukia kontrasti, huo ukali wa nyeusi na nyeupe. Sichukii. Ukipiga picha Mkumbi asubuhi, ukungu umelala kwenye ngoro, mashamba yetu ya mashimo, kila kitu ni kijivu, mtu na mgomba na nyumba havitofautiani, hapo iongeze, iongeze bila aibu, maana usipoiongeza umepiga picha ya shuka. Ninachokichukia ni mtu anayemwaga chumvi kabla hajaonja mchuzi.

Nikirudi kwako. Ulipokuja na ile kamera yako ya dijitali na kompyuta ya mtumba, baba yako akauliza chumba changu cha giza sasa kitakuwa cha nini. Mimi sikuuliza. Nilikaa nawe, ukanieleza habari ya picha mbichi. Usije ukasema sikukusikiliza. Ulisema kamera inaweza kukupa picha iliyokwisha kupikwa, au inaweza kukupa mbichi, na kila kilichoingia kwenye lenzi kimo, ukaipike mwenyewe kwenye kompyuta. Nikakuambia hiyo ni negativu. Ukasema si negativu, Mama, ni teknolojia. Haya.

Ukaniambia pia kwamba kwa kamera yako mambo yamegeuka. Kwenye mkanda mimi nalilisha giza, nalipa mwanga wa kutosha, kwa sababu giza lisipopata kitu halitoi kitu. Kwenye kamera yako inabidi kulinda weupe, kwa kuwa weupe ukishaungua haurudi hata uufanyie maombi, lakini giza la picha mbichi ukilivuta polepole linatoa vitu vilivyokuwa vimejificha. Hapo ulikuwa umesema kweli, na mimi sikuwa nalijua hilo, na siku ile nilitembea hadi kwa jirani kumsimulia mwanangu alivyonifundisha. Hukujua, eh? Basi jua.

Tatizo likaanza na kale kamstari ka kontrasti. Kale unakokavuta kwa mausi, kakienda kulia picha inakuwa kali. Ditram, wewe na kale kamstari mmefunga ndoa. Kila picha, kulia. Padri, kulia. Mtoto mchanga, kulia. Suti nyeusi zinamezana mpaka bwana harusi na msimamizi wake wanakuwa mtu mmoja mwenye vichwa viwili, nikisema unaniambia ndivyo wateja wanavyotaka siku hizi, wanataka iwe kali kama kalenda za dukani. Wateja gani? Wale vijana wanaokuja kupiga picha na miwani ya kuazima? Wao sawa, wape, ni picha yao. Lakini si kila mtu anayekaa mbele yako ni kalenda.

Sasa tufike kwenye harusi ya Tabitha.

Ulikuwepo, ulisikia kwa masikio yako. Jioni ya kuamkia harusi nilikaa na Bibi Salome nikambembeleza. Nikamwambia mjukuu wake anaolewa, hatakuwa na picha hata moja ya bibi aliyemlea? Akakataa. Nikamwambia hizi kamera za sasa si zile. Akakataa. Nikamwambia hatapigwa na mgeni wa melini, atapigwa na mwanangu, na mwanangu nimemfundisha mwenyewe. Akakutazama wewe. Kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Bibi, safari hii utaonekana. Nakuahidi mimi."

Asubuhi alitoka amevaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, amejipaka mafuta, akaja mwenyewe kukaa kwenye kiti barazani. Hakuna aliyemwita. Tabitha alipomwona alianza kulia na vipodozi vyake vyote. Nikakuacha naye, mimi nikaenda kupanga ukoo wa bwana harusi uliokuwa umetawanyika mpaka kwenye mitumbwi. Nilikuambia kitu kimoja tu kabla sijaondoka, geuza kiti, mgongo wake usielekee ziwa, kwa sababu maji yale saa zile yanawaka. Nilipogeuka nikaona hujakigeuza. Ulitaka ziwa lionekane. Nikasema moyoni haya, anapiga mbichi, analinda weupe, anajua anachofanya.

Na ulijua! Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa hujui ningekusamehe palepale. Tuliporudi Mbinga, umeme ulipokuja jioni, ulifungua picha ile kwenye kompyuta, na mwanzoni ilikuwa giza kweli, ziwa zuri nyuma na kivuli cha mtu mbele. Ukaanza kulivuta giza kidogo kidogo kama ulivyonifundisha. Akatoka. Likatoka paji la uso na mng'ao wake, ikatoka mikunjo ya macho, kope lile la kushoto linaloshuka kidogo, na pembeni mwa mdomo kale kacheko kake ka mtu anayejizuia. Nilimwona, Ditram. Nikamwita baba yako aje aone. Akaja, akasema, "Huyu bibi alikuwa mzuri." Huyo ni baba yako, mtu ambaye hata picha yetu ya ndoa aliitazama akasema viatu vimetoka.

Asubuhi nikaenda Maguu kuvuna kahawa nikiwa na amani. Sikukuachia agizo lolote, kwa sababu niliona hakuna cha kuagiza. Picha ilikuwa imeshapikika.

Ulipeleka nini Songea kuchapa? Mpaka leo sijapata jibu linaloeleweka. Uliniambia ilikuwa inaonekana imepauka, kwamba ziwa lilikuwa halina nguvu, kwamba uliweka mguso tu. Mguso! Ulikavuta kale kamstari kulia mpaka kakagonga ukuta. Na mimi nikarudi kutoka Maguu nikakuta bahasha imefungwa vizuri, imeandikwa jina, nikaichukua Jumapili hii iliyopita nikashuka nayo ziwani bila kuifungua. Mtu akiniuliza kwa nini sikuifungua nitamjibu kwamba ilikuwa kazi ya mwanangu.

Watu walikuwa wamejaa. Tabitha alikuwepo na mume wake, majirani, watoto wametoka kanisani. Bibi Salome alinawa mikono kwanza. Akaifungua bahasha mwenyewe. Mimi nilikuwa natazama uso wake, sikuwa natazama picha, kwa hiyo nilijua kabla sijaona. Ziwa lilikuwa zuri ajabu, Ditram. Bluu ya kalenda. Gauni jeupe pee, kitambaa cheupe pee. Na katikati weusi.

Hakuna aliyecheka. Tabitha alinyoosha mkono akitaka kuichukua, bibi yake hakuitoa. Akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, nami sikuwa na pa kuweka macho. Akasema, "Si kitu, mwanangu. Mimi kwenye picha ndivyo nilivyo."

Akainuka akaenda jikoni kuniletea ugali.

Nimegombezwa na akina mama wa Mapera. Nimeambiwa na mzee wa Maguu kwamba nimempiga akiwa mgonjwa. Padri mmoja alinirudishia albamu nzima. Yote hayo nililala nayo usiku mmoja yakaisha. Haya ya Bibi Salome hayaishi. Angenitukana tungelingana. Lakini yeye amechukua kosa letu akalifanya ni lake, kwamba eti ni yeye asiyeweza kutoka kwenye picha, uso wake ndio wenye kasoro, na kamera mbili zimeshahakikisha hivyo, ya zamani na ya kisasa. Alikula nami. Alinifungia usipa wa kuja nao. Kila alichonitendea siku ile kilikuwa chema, nikapanda gari nimefura.

Nilipofika nyumbani sikukugombeza kwanza, kumbuka hilo. Nilikuambia tu fungua ile mbichi, tuipike upya, nitaipeleka mwenyewe Songea. Ukakuna kichwa. Ukasema umezifuta. Zote za harusi, kwa sababu ni nzito, zinajaza kompyuta. Nikauliza za kwenye kadi ya kamera. Ukasema kadi ulishaipigia mechi ya mpira. Na ile nafasi ya kwenye kompyuta umeweka nini? Sinema za kupigana. Mwanamke amekaa maisha yake yote jikoni akikwepa kamera, anatoka siku moja, anakaa kitini, uso wake unapatikana kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na wewe umeutupa ili Wachina wapate nafasi ya kurukia ukuta.

Ndipo nilipokugombeza. Na wewe ukasema, "Mama, ni picha moja."

Bruda alihifadhi negativu za watu waliokwisha kufa, za watu wasiowahi hata kuja kuzichukua. Nilimwuliza siku moja mbona hazitupi. Akasema picha aliyoichapa ni maoni yake ya siku hiyo, kesho anaweza kuwa na akili zaidi. Aliniambia kwa kununa, kama kawaida yake, akaendelea kufagia. Mimi sikuhitaji maelezo zaidi, lakini wewe naona unayahitaji. Ulipokavuta kale kamstari ulikosea, na kosa hilo mimi ninalo la kwangu, tena la karatasi ngumu, kubwa kuliko lako. Ulipofuta ile mbichi uliamua kwamba hutakuwa na akili zaidi ya uliyokuwa nayo siku ile. Mtoto wangu, akili uliyokuwa nayo siku ile haitoshi. Na yangu haitoshi. Ndiyo maana tunaweka ile mbichi.

Baba yako anasema nikuache uende, utajifunza hukohuko. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nimekufunza. Ulimwengu ukija hapa kunidai nitauonyesha mlango.

Studio ya Mbeya wanakungoja, najua, na nimefurahi, ingawa furaha yenyewe wiki hii imekosa pa kukaa. Una jicho. Nilipokuwa na umri wako sikuwa nalo. Utapiga harusi kubwa kuliko za huku, watakusifu kwa ukali wa picha zako, na hakuna atakayejua kuna bibi ziwani. Hicho ndicho ninachokiogopa. Siogopi mji wala vibaka. Naogopa utakuwa fundi mzuri, utakuwa na kazi nyingi, na ile "picha moja" itakuwa ndiyo namna yako ya kufanya kazi, kila siku mmoja anazama katikati ya kitambaa na gauni, nawe unasema ni mmoja tu.

Kwa hiyo leo jioni, ulipokuwa unaaga rafiki zako, mimi nilikwenda stendi. Nimemwambia konda kiti chako cha kesho ampe mtu mwingine, wewe utasafiri Ijumaa. Alikuwa na maneno, nikawa na mengi zaidi. Studio ya Mbeya nimewapigia simu ya kulipia pale posta, nikawaambia una kazi hujaimaliza. Hawakuuliza kazi gani. Wapiga picha wanajua.

Kesho alfajiri, baba yako akikuamsha, usiende na begi. Chukua kamera. Wale akina mama wanaouza usipa wanashuka ziwani na pikapu kutoka sokoni, nimewaambia wakubane hapo nyuma. Mimi siendi. Nikienda nitasema mimi, na atanijibu mimi, na wewe utakuwa umesimama nyuma yangu unaangalia ziwa.

Utamwamkia, utakaa. Akikupa chakula ule. Utamweleza kwa mdomo wako kwamba uso wake ulitoka, kwamba ulikuwepo, kope na kacheko na yote, na mimi na baba yako tuliuona, na kwamba ni wewe uliyeufuta. Umwambie hivyohivyo, kwamba kasoro haikuwa usoni kwake. Usimweleze habari za teknolojia. Kamera ikae ndani ya mfuko mpaka yeye mwenyewe aiulize.

Akiiuliza, unajua la kufanya, sina la kukufundisha. Akikataa, amekataa. Usimbembeleze, nimeshambembeleza mimi na umeona ilivyokuwa. Utashukuru, utapanda pikapu, utarudi na kadi tupu, na Ijumaa utaondoka nayo hivyohivyo kwenda Mbeya, na mtu wa kwanza atakayekaa mbele yako huko utajua unampiga picha ukiwa na deni la nani.

Mimi hapa, mama yako, bado nimekasirika, na chai yako ya alfajiri nimeiweka kwenye chupa.